Mafundi wa Kunyosha Miguu ya Watoto

Tabibu Soranus wa Efeso, Myunani aliyefanya kazi yake Roma mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, aliacha kitabu juu ya uzazi na malezi ya watoto wachanga, na ndani yake, pamoja na mambo mengine mengi, alieleza lalamiko lililokuwa likisikika mjini humo zama zile: kwamba watoto wengi wa Roma, walipoanza kusimama na kwenda, miguu yao ilipinda. Wako waliosema kuwa sababu ni maji baridi yapitayo chini ya ardhi ya mji. Na wako wengine, ambao ndimi zao hazikujua haya, waliosema kuwa wanawake wa huko huwakaribia waume zao mno, au huwakaribia wakiwa wamelewa. Soranus aliyakataa yote mawili, akasema kwamba mama wa Kirumi hana bidii ya mama wa Kiyunani katika kumwangalia mwanawe, hata mtoto akaachwa asimame kabla ya wakati wake juu ya ardhi ngumu, uzito wa kiwiliwili ukaielemea mifupa ambayo bado ni laini. Tabibu yule, kama wengi waliomfuata, alianza na jambo la kweli, yaani ulaini wa mfupa, akaishia kumhukumu mama.

Miaka mia tisa hivi baadaye Ibn Sina naye, katika Kanuni yake ya utabibu, alionya kwamba mtoto asihimizwe kuketi wala kwenda kabla maumbile yake yenyewe hayajamsukuma, asije akapata ila katika miguu na uti wa mgongo. Hofu hiyo haikuwa ngeni katika mwambao wetu. Mtoto aliyezaliwa hukandwa kwa mafuta ya nazi au ya simsim, viungo vyake vikavutwa taratibu, na ajuza aliyepewa kazi hiyo hakosi kupitisha viganja vyake kutoka gotini hadi kifundoni, mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa nia ya kuinyosha miundi ambayo macho yake yanaiona imepinda. Na mtoto huyo akija akatokea kuwa na matege katika mwaka wake wa pili, lawama aghalabu huangukia mbeleko, kwamba mama alimbeba mno mgongoni. Hapa mbeleko imesingiziwa. Mtoto abebwaye mgongoni huzungusha mapaja yake kiunoni kwa mama, na katika mkao huo kichwa cha fupa la paja hukaa barabara ndani ya tundu lake la nyonga. Ndiyo maana kuteguka kwa nyonga kwa watoto wachanga ni jambo adimu miongoni mwa watu wabebao hivyo, ilhali limekuwa jambo la kawaida kwa kaumu zilizowafunga watoto wao wima na miguu ikiwa imebanwa pamoja, kama Wanavajo wa Marekani na ubao wao wa kufungia mtoto, au Wasami wa kaskazini ya Ulaya. Nyonga iliyoteguka isipogunduliwa mapema humwachia mtu kuchechemea kwa maisha yake yote, kwa hiyo kitambaa kile kinachotukanwa kimeokoa miendo mingi.

Ili kuzipima hukumu hizi zote kwa insafu, yapasa kwanza tumtazame mtoto wa afya, asiye na ila yoyote, anavyoanza kwenda. Hutoka tumboni mwa mama ambamo alikaa amejikunja, na miguu yake, kwa mkunjo huo, hutoka ikiwa na upinde wa wazi. Anaposimama dede huiweka nyayo mbalimbali na mikono juu. Anapoanza kwenda tata, unyayo wote hutua kwa mara moja badala ya kisigino kutangulia, hatua ni fupi, na kila hatua chache huanguka. Matege hayo ya utotoni hupungua mpaka, karibu na umri wa miaka miwili, miguu huonekana imenyoka. Na mzazi ambaye ameanza kushukuru hushangaa kuona kwamba haikutua hapo, bali imepita upande wa pili, kwani katika mwaka wa tatu na wa nne magoti hukaribiana na vifundo vya miguu vikaachana, hata mtoto akikimbia magoti yake hugongana. Kisha taratibu, bila ya mkono wa mtu, hurudi tena, na kufikia umri wa miaka saba mguu huwa umepata umbo ambalo mtu atakwenda nalo ukubwani. Madaktari wawili wa Finland, Salenius na Vankka, walilithibitisha jambo hilo mwaka 1975 kwa kupima picha za eksirei za watoto zaidi ya elfu moja, wa kila umri. Na walichokichora katika karatasi yao ni mstari mmoja uendao kutoka matege hadi magoti ya kugongana, kisha ukarudi karibu na katikati.

Uzito wa mwili hushuka kutoka kichwa cha fupa la paja hadi kifundo cha mguu, na katika mguu ulionyoka mstari wa uzito huo hupita katikati ya goti. Mwenye matege, mstari wake hupita upande wa ndani wa goti, kwa hiyo kila aukanyagiapo mguu mmoja goti husukumwa nje, na mwili mzima hauna budi kuyumba kuufuata ili usianguke. Ndipo unapopata ule mwendo wa kupepesuka ambao watoto wenzake huuigiza kwa dhihaka. Mwenye magoti ya kugongana, mstari wake hupita nje. Huyu, ili kupitisha goti moja mbele ya jingine, huutupa mguu kando, huchoka mapema, na unyayo wake hulala. Na yuko wa tatu, ambaye fupa lake la paja lenyewe limezunguka kwa ndani, hata ncha za nyayo zikatazamana: huyu hujikwaa kwa miguu yake mwenyewe akikimbia, na akiketi chini hupenda kuunganisha magoti na kutupa nyayo huku na huku, mkao ambao shangazi zake humkataza kila siku wala hawafanikiwi. Mtoto wa afya hupita katika hali hizi zote, akajifunza usawa juu ya miguu ambayo umbo lake linabadilika kila mwaka, na hatimaye asikumbuke hata moja.

Lakini sikusudii kusema kwamba hapakuwa na maradhi. Mwaka 1645 kijana wa Kiingereza, Daniel Whistler, aliwasilisha tasnifu yake katika chuo cha Leiden, Uholanzi, juu ya maradhi ya watoto wa nchi yake ambayo hulainisha mifupa, hufanya vifundo vya mikono vivimbe, na kupinda miguu. Miaka mitano baadaye Francis Glisson, akishirikiana na matabibu wenzake wa London, alitoa kitabu kikubwa juu ya maradhi hayohayo. Glisson alikuwa mwanachuoni wa kweli, na maelezo yake ya mfupa mgonjwa yanasomeka hadi leo. Hata hivyo tiba alizozipendekeza zinatisha kidogo, kwani miongoni mwake ilikuwamo ya kumning'iniza mtoto kwa mikanda iliyopitishwa chini ya kidevu na makwapani, ili uzito wa mwili wenyewe uvute na kunyosha kilichopinda.

Fani nzima ilipata jina na picha yake kutoka kwa mzee mmoja wa Ufaransa, Nicolas Andry, mzaliwa wa Lyon, ambaye alikuwa amekwisha kujipatia sifa, na maadui wengi, kwa utafiti wake juu ya minyoo ya tumboni. Mwaka 1741, akiwa amepita umri wa miaka 80 na kubakiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi, alichapisha kitabu alichowakusudia wazazi zaidi kuliko matabibu, chenye kueleza njia za kuzuia na kuondoa kasoro za maungo ya watoto. Ndani yake aliweka mchoro wa mti mchanga uliopinda, uliofungwa kwa kamba juu ya mti mnyofu uliokitwa kando yake. Na nasaha yake mintarafu ya mguu uliopinda ni hiyohiyo, kwamba utiwe bamba dogo la chuma, ufungwe kwa kitambaa, na kila siku kitambaa kikazwe zaidi kidogo. Mchoro ule ungali ni alama ya vyama vya madaktari wa mifupa katika nchi nyingi, na kwa maoni yangu haukuwatendea wema, maana umewafundisha watu kudhani kwamba mfupa hunyoka kwa kulazimishwa kutoka nje.

Mtu asiyekuwa na haraka ataona mara moja mahali ambapo udanganyifu uliingia, tena bila ya mtu kukusudia kudanganya. Mtoto mwenye matege ya kimaumbile aliletwa kwa fundi akiwa na mwaka mmoja na nusu, akatiwa chuma, baada ya miezi michache miguu ikanyoka, fundi akalipwa na kusifiwa. Mwingine aliletwa akiwa na miaka minne kwa sababu ya magoti ya kugongana; akatiwa chuma kingine; alipofika miaka saba alikuwa mzima; fundi akalipwa tena. Umri ndio uliofanya kazi, na chuma ndicho kilichopokea ujira. Lakini katika mlango uleule aliingia mtoto wa tatu, ambaye mifupa yake ilikuwa imelainika kwa maradhi. Naye, kwa kuwa sababu ya kulainika haikuondolewa, chuma kilimwumiza ngozi na mguu ukabaki kama ulivyokuja, na pengine ukazidi. Huyo alihesabiwa kuwa ameshindikana kwa kudra, au kwa uzembe wa mama yake wa kukaza vitambaa.

Karakana za chuma na ngozi zikaongezeka. Jean-André Venel, tabibu wa Uswisi, alifungua mwaka 1780 katika mji mdogo wa Orbe nyumba ya kuwalaza na kuwatibu watoto wenye kasoro za maungo, mahali ambapo mafundi walifanya kazi chini ya usimamizi wake. Ndiyo hospitali ya kwanza ya namna hiyo. Huko Wales, katika kisiwa cha Anglesey, ufundi wa kuunga mifupa ulirithiwa katika aila moja tangu mvulana aliyeokolewa katika jahazi lililozama pwani ya kisiwa hicho katika karne ya 18, asiyejulikana alikotoka, akapewa jina la Evan Thomas na watu waliomlea. Katika uzao wake alitokea Hugh Owen Thomas, wa kwanza katika ukoo ule kusomea utabibu wa vyuo, aliyefanya kazi Liverpool akiwahudumia mabaharia na makuli wa gatini, na siku za Jumapili akiwatibu maskini bila ya malipo. Yeye mwenyewe ndiye aliyebuni vyuma vyake na viatu vyake, vikiwamo viatu vyenye kisigino kilichorefushwa upande wa ndani kwa ajili ya mguu unaolala. Alikuwa na imani moja kubwa, kwamba kiungo kigonjwa kinahitaji mapumziko, tena ya muda mrefu kuliko madaktari wengi walivyokuwa tayari kungoja. Na katika fani hii ya watu wenye pupa, subira hiyo peke yake ilitosha kumtenga na wenzake.

Glasgow, mji wa Uskoti ulio juu ya mto Clyde, ndiko mguu uliopinda ulikokoma kuwa kisa cha nyumba mojamoja ukawa sura ya mji mzima. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 merikebu za chuma ziliundwa huko kwa wingi, na watu walimiminika kutoka milima ya Uskoti na kutoka Ireland, wakapangwa katika majumba marefu ya mawe yenye vichochoro ambavyo jua halikuvifikia, chini ya anga iliyotandwa na moshi wa makaa ya mawe mchana kutwa. Watoto wenye miguu ya matege, na wenye magoti yaliyogongana kupita kiasi, walijaa mitaani hata hapakuwa na mtu wa kuwastaajabia. Hawa hawakuwa watoto ambao miaka saba ingewanyosha, kwani mifupa yao, baada ya kupinda, ilikuwa imekwisha kuwa migumu katika upinde wake.

Katika hospitali kuu ya mji ule alikuwako William Macewen, mzaliwa wa Rothesay, kisiwani Bute, mwana wa mtu wa bahari. Alikuwa mwanafunzi wa Joseph Lister, na katika hospitali ileile Lister ndiye aliyeanza mwaka 1865 kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki, akimtibu mvulana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la gari la farasi. Mvulana yule alipona, kidonda kisioze, na tokea hapo ikawezekana kufikiri jambo ambalo awali lingekuwa sawa na kuua, yaani kuufungua mguu mzima wa mtoto na kuukata mfupa usiovunjika. Macewen alilifanya jambo hilo. Alichanja ngozi juu kidogo ya goti, upande wa ndani, akaingiza patasi hadi kwenye fupa la paja, akaligonga kwa nyundo mpaka limekatika sehemu kubwa ya unene wake, kisha akaumaliza mvunjiko kwa mikono, akaunyosha mguu na kuufunga katika banzi kwa wiki kadhaa. Patasi za maseremala hazikumridhisha, kwa kuwa mpini wa mti haukuweza kusafishwa ipasavyo. Akaagiza yake itengenezwe kwa chuma cha pua cha kipande kimoja, mpini na ubapa pamoja, na mafundi wa mji wa merikebu wakaijua kazi yao. Kitabu chake cha mwaka 1880 kinaeleza mamia ya miguu aliyoikata na kuinyosha kwa namna hiyo. Mtoto aliyeingia akiburura magoti yake yakisuguana, akitoka aliweza kusimama nyayo zikiwa pamoja, jambo ambalo wengi wao hawakupata kulifanya katika umri wao wote.

Hata hivyo Macewen, pamoja na ustadi wake usio na mfano, alikuwa akikata kile ambacho mji ulikuwa ukikipinda tena kila msimu wa baridi. Aliyeiona sababu hakuwa mpasuaji. Theobald Palm, tabibu na mmisionari wa Kiingereza, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Niigata, Japani, na huko hakuyaona maradhi haya. Aliporudi Uingereza akashangazwa na wingi wake, akaandikia wamisionari wenzake waliotapakaa Asia na Afrika kuwauliza habari za watoto wa huko, na mwaka 1890 akachapisha matokeo: kwamba maradhi hukaa mahali ambapo jua limezuiwa, na kwamba dawa yake ni kuwaotesha watoto jua. Tabibu Śniadecki wa Poland alikuwa amekwisha kusema karibu maneno hayohayo mwaka 1822, alipolinganisha watoto wa mjini Warsaw na wa vijijini. Wote wawili hawakusikilizwa, na nadhani ni kwa sababu dawa waliyoitaja haikuweza kuuzwa.

Miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyolifungua fumbo, kwa kasi inayoshangaza ukizingatia karne zilizotangulia. Mwaka 1919, Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wanne wagonjwa mbele ya taa ya zebaki, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa yao ikijaa chokaa. Kisha akaona kwamba mtoto akimulikwa mkono mmoja tu, mkono wa pili nao hupona, dalili ya kuwa ngozi hutengeneza kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka huohuo Edward Mellanby, Uingereza, aliwapa watoto wa mbwa waliofungiwa ndani chakula cha uji wa shayiri mpaka wakapinda miguu, akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki wa bahari za kaskazini, mafuta ambayo wavuvi wa huko walikuwa wakiwanywesha watoto wao tangu zamani bila ya kungoja idhini ya mtu. Elmer McCollum, Marekani, alikipata mwaka 1922 kile kilichomo ndani ya mafuta hayo na kukiita vitamini D. Na Vienna iliyokuwa na njaa baada ya vita, Harriette Chick na wanawake wenzake walionyesha hospitalini kwamba mafuta na mwanga vyote viwili huponya. Watu wa Afrika nao wasidhani kwamba jua peke yake limewatosha, maana huko Nigeria madaktari walikuta watoto waliocheza juani kutwa nzima wakiwa na miguu ile ile ya Glasgow, kwa kuwa walilishwa nafaka tupu bila ya maziwa wala dagaa, na mifupa ikakosa kalsiamu ya kujengea.

Maradhi yalipopungua Ulaya na Marekani, ingedhaniwa kwamba mafundi wa vyuma wangepumzika. Badala yake walihamia kwa watoto wazima. Katikati ya karne ya 20 ilikuwa kawaida kwa mtoto mwenye nyayo zinazotazamana kulazwa usiku akiwa amefungwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fito ya chuma, chombo alichokibuni Denis Browne, mpasuaji mashuhuri wa watoto wa London, kwa ajili ya watoto waliozaliwa na mguu kifundo, ambao kwao kilikuwa na maana. Na mwenye unyayo uliolala alinunuliwa viatu vizito vyenye kisigino cha urithi wa Thomas. Wazazi walilipa, watoto walilia, na umri ukaendelea kufanya kazi yake kama kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 uliwafuata kwa miaka mitatu watoto wenye nyayo laini zilizolala, wengine wakivaa viatu vya kutibu na wengine viatu vya kawaida, na mwishoni hapakuonekana tofauti baina yao. Sijui kama katika historia ya utabibu imepata kuuzwa bidhaa nyingine iliyolipiwa kwa uaminifu kiasi hicho na ikazaa matunda madogo kiasi hicho. Lakini siwalaumu wazazi, kwa sababu mtu anayemwona mwanawe akianguka kila siku hawezi kuambiwa asubiri miaka mitatu bila ya kufanya chochote.

Swali lililobaki lilikuwa ni kwa nini mguu mmoja hujinyosha na mwingine huzidi kupinda. Jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa tangu mwaka 1862 na Wajerumani wawili, Hueter na Volkmann, kila mmoja kwa upande wake: mfupa wa mtoto hukua kutoka katika tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, na tabaka hilo likikandamizwa kupita kiasi ukuaji wake hupungua. Basi katika upinde mdogo uzito humsaidia mtoto, na katika upinde mkubwa humdhuru, kwa kuwa upande wa ndani wa goti unaobeba mzigo wote huacha kukua, wa nje ukiendelea, na kila mwezi mguu huzidi kujikunja. Daktari Walter Blount wa Milwaukee, Marekani, alieleza mwaka 1937 namna ya matege inayotokana na hali hiyo, ambayo huwapata hasa watoto wazito na walioanza kwenda mapema, na ambayo haisubiri kupona yenyewe. Mwaka 1949 Blount huyohuyo alieleza njia ya kupigilia vibanio vya chuma upande mmoja wa tabaka la ukuaji, ili upande ule usimame kwa muda na ule uliochelewa uufikie. Mguu uliponyoka, akaving'oa. Siku hizi huwekwa kibamba kidogo chenye skrubu mbili, lakini fikira ni ileile. Chuma hatimaye kilipata mahali pake: hakimsukumi mtoto, bali humwelekezea ukuaji alio nao.

Na si kila kufunga kwa nje ni bure. Mguu kifundo, ambao mtoto huzaliwa nao na unyayo wake ukiwa umegeukia ndani, asipotibiwa huenda akiukanyagia ukingo au hata mgongo wa unyayo, na huo hauponi kwa umri. Ignacio Ponseti, tabibu mzaliwa wa Menorca aliyevuka milima kuingia Ufaransa pamoja na majeruhi mwaka 1939, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na hatimaye akafanya kazi Iowa, Marekani, aligundua kwamba watoto waliopasuliwa kwa ajili ya mguu huo hukua na miguu migumu yenye maumivu. Akarudi kwenye mikono mitupu, akiuzungusha unyayo kidogo kila wiki na kuufunga plasta, kisha mtoto akalala na viatu vya fito mpaka umri wa miaka minne hivi. Wenzake walimpuuza kwa miaka mingi. Uganda iliipokea njia yake ilipokuwa bado changa duniani, na huko Katalemwa, Kampala, Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya fito vinavyoweza kushonwa na fundi wa ngozi na kuchomelewa na fundi wa chuma wa mtaani, bila ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo.

Kisa cha karibu zaidi nasi kiko chini ya mlima Meru. Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi hupita mahali paitwapo Maji ya Chai, kwa jina la mto wenye maji ya rangi hiyo, na katika vijiji vya upande huo yako mambo mawili yanayomjulisha mgeni alipo: meno ya watu yenye rangi ya kahawia, na miguu ya baadhi ya watoto, wengine wakiwa na matege, wengine magoti ya kugongana, na pengine mmoja akiwa na mguu huu hivi na huu vile, hata mwendo wake ukawa wa kuyumba upande mmoja kama aliyesukumwa. Jua liko tele, na mbeleko haihusiki. Miamba ya mlima ule wa volkeno huachia floraidi ndani ya maji, na magadi ya eneo hilo, ambayo akina mama huyatia katika maharage na makande ili yaive upesi na kuni zisiishe, nayo yamejaa floraidi. Basi mtoto huipata kwa kinywaji na kwa chakula, ikaingia katika mfupa unaokua na kuuharibu mpango wake, hasa ikiwa kalsiamu katika chakula chake ni haba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika lita ya maji. Tanzania, ikijua kwamba kuufuata mpaka huo kungewanyima maji watu wengi, katika miaka ya 1970 iliruhusu hadi miligramu 8, baadaye ikashusha hadi 4, na hatimaye ikaufikia ule wa 1.5. Kila namba kati ya hizo ilikuwa mapatano baina ya kiu na mifupa ya watoto.

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na vilevile katika kazi ya dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru nchini Kenya, ambako Bonde la Ufa lina balaa hilohilo, mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa, ikasagwa, na maji yakapitishwa ndani yake, kwa kuwa mfupa uliokufa huivuta floraidi kama ule ulio hai. Chujio hilo halimnyoshi mtoto aliyekwisha kupinda; huyo atahitaji patasi ya Macewen au, akiwa bado anakua, kibamba chenye skrubu. Lakini mpasuaji atakayemnyosha na kumrudisha nyumbani bila ya kuuliza familia inateka maji mto gani, na magadi ya jikoni yananunuliwa kwa nani, atampokea tena baada ya miaka michache, pamoja na mdogo wake.